Kidumu Kitini

Dereva wa basi la Riyadh kwenda Jeddah alikuwa mzee wa Kisudani asiye na maneno mengi. Truphena, aliyetumwa na kafili wake, yaani mwajiri wake, akamhudumie mama wa mwajiri huyo huko Jeddah, alikaa nyuma ya mzee huyo tangu alfajiri. Kwenye kiti cha pembeni ya Truphena, mzee alikuwa ameweka kidumu chake cha maji, ili mwanamume yeyote asije akakaa na mwanamke anayesafiri peke yake. Kila injini ilipochemka alikichukua kidumu, akashuka, akatilia rejeta maji kidogo kidogo, kisha akarudi akifuta vidole kimoja kimoja, kuanzia kile kidogo. Halafu alihesabu abiria wake kwa kugusa kila kiti, na kidumu pia alikigusa. "Yalla," alisema taratibu, kama mtu anayembembeleza mgonjwa.

Mara ya nne basi halikuwaka tena. Adhuhuri likaja jingine kuwachukua, watu wakajaa, vikabaki viti viwili vilivyopakana. Truphena akakaa kimoja. Mzee akapanda na kidumu chake, akakitazama kile cha pili, akakiweka kidumu hapo, akashuka.

"Baba, maji yako," Truphena akamwita dirishani.

"Halas, binti, yaache hapo." Akapiga ubavu wa basi kwa kiganja, liondoke.

Truphena alipogeuka alimwona mzee amesimama kwenye kivuli chembamba cha basi bovu, anafuta vidole. Nusu ya maji ilikuwa imenywewa na rejeta. Nusu yake yeye ilikuwa inakwenda Jeddah.