Bunduki Iliyochelewa Kulia

Mtu akiwasha kiberiti karibu nami, ule ukali wa moshi ukanipanda puani, mwili wangu hujikaza kungoja mlio ambao hauji. Ngoja niwaambie ninyi mnaosoma: kujikaza huko nilikuanza utotoni, shambani kwetu chini ya vilima vya Matogoro, mwaka wa njaa baada ya vita vya Maji Maji.

Maghala yetu yalikuwa yamechomwa na askari wa Wajerumani. Tulibakiwa na kishamba kimoja cha mahindi, na mbegu ya kupanda tena ilikuwa humo humo. Nguruwe mwitu wakakigundua. Baba akafukua bunduki yake ya gumegume, ya kuwashwa kwa cheche za jiwe, ile aliyoizika vita vilipoisha. Kila mlio ungeweza kutuletea askari, lakini njaa nayo ilikwisha kufika.

Bunduki ile ilikuwa na ugonjwa. Jioni ya kwanza baba alivuta, jiwe likatoa cheche, baruti ya nje ikawaka fyuu, kisha kimya. Kimya cha kutosha kumeza mate. Ndipo ikalia, duu, na nguruwe wameshakwenda zao.

“Bunduki yako inabisha hodi kwanza,” alisema shangazi, dada yake mkubwa, niliyekuwa nimekaa naye juu ya dungu la kulindia shamba. “Nguruwe wana adabu, wanakupisha.”

“Dada, nyamaza.”

Kesho yake alibadilisha jiwe, akaanika baruti juani kwenye ungo, akaufuta mtambo mpaka ukang’aa. Jioni akapiga tena. Fyuu. Kimya. Duu. Nguruwe wakakimbia, na pembe ya baruti ikabaki na ya kutosha mlio mmoja tu.

Nguruwe waliporudi, shangazi alishuka dunguni, nami nikamfuata. Safari hii hakutania.

“Jaza nione.”

Baba alishindilia baruti na risasi mtutuni. Kisha akamimina baruti kidogo kwenye kijisahani cha mtambo, akaisukuma kwa mwiba mpaka lile tundu dogo la kupeleka moto ndani likajaa.

“Mbona unaliziba?”

“Silizibi. Nautengenezea moto njia.”

“Njia umeijaza. Moto unaitafuna punje kwa punje. Mimi nikishindilia tumbaku kwenye kiko, navuta mpaka mashavu yanauma. Liache wazi, moto uruke.”

Baba alimtazama. Mabua yalikuwa yakivunjika, kah, kah, karibu kabisa nasi. Akalizibua tundu kwa mwiba, akabakiza baruti kidogo kando yake, akalenga.

Fyuu na duu vilitoka pamoja. Nguruwe akaanguka. Nilitaka kupiga kelele, shangazi akaniziba mdomo.

Baba hakumkimbilia nguruwe. Alikaa juu ya tuta, bunduki mapajani. “Kumbe ni tundu tu,” akasema. Shangazi akamshika kichwa kama mtoto. Nilidhani ni njaa iliyomkalisha chini.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo shangazi aliponieleza. Vitani, askari mmoja alimlenga mdogo wao, na baba akawahi kuvuta. Bunduki ile ile ikawaka, ikanyamaza. Ilipolia, baba mdogo alikuwa ameshaanguka.

Nyumbani tulikuwa tukiambiwa kwamba baba mdogo alivunja miiko ya ile dawa ya maji ya kuzuia risasi, ndiyo maana risasi ilimpata. Baba mwenyewe ndiye aliyekuwa akisema hivyo. Baada ya jioni ile hakusema tena.