Picha ya Wamunyu

Asiniulize mtu tena habari za klabu ya baiskeli. Wateja wangu hapa kinyozi wamenizoea. Wakinikuta nimekunja uso Jumamosi asubuhi, wanainamisha kichwa wanyolewe na wanyamaze. Baiskeli yangu iko nyuma ya duka, tairi zote mbili zimelala, na hapo itakaa.

Klabu hiyo tuliianzisha sisi wenyewe, watu wachache wa mji wa Machakos tuliochoka kuendesha kila mtu kivyake huku malori yakitusukuma mtaroni. Sheria hazikuwa nyingi. Wa mbele akiona shimo anaonyesha kwa mkono, wa nyuma akisikia gari anapiga kelele, hakuna kufunga breki ghafla, na upepo wa mbele tunaupokea kwa zamu. Lakini sheria kubwa ilikuwa ya mchungaji. Mchungaji ndiye mtu wa mwisho kwenye msafara. Anakaa nyuma ya yule anayekwenda polepole kuliko wote na hampiti hata iweje. Wengine wanangoja kwenye kila makutano mpaka wamwone mchungaji akiinua mkono, yaani kondoo wote wamefika. Tulicheka sana siku tuliyobuni jina hilo. Lakini kungoja tulingoja, jua liwake lisiwake.

Mchungaji nilikuwa mimi. Sina mbio, halafu napenda kuongea, na huko mbele upepo haukupi nafasi ya kuongea.

Kondoo wangu alikuwa madam mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, mjane, aliyeanza baiskeli baada ya daktari kumwambia sukari imepanda. Siku ya kwanza alikuja na sketi juu ya suruali, na akina mama wa sokoni wakamcheka waziwazi. "Aii! Mama mzima!" Akawapungia mkono kama gavana. Nilimpenda hapo hapo, na msianze maneno yenu, nina mke.

Sasa, kila mara klabu ikifika Wamunyu, mji wa wachongaji ambako safari yetu ndefu huishia, kuna picha inapigwa. Wote wanasimama na baiskeli zao kando ya twiga mkubwa wa mbao aliye nje ya karakana ya wachongaji. Madam aliitaka hiyo picha kuliko kitu chochote. Lakini kila safari nguvu zilimwishia njiani, pale Masii, akapakiwa yeye na baiskeli yake kwenye pikapu iliyotufuata, kama gunia la maharagwe. Wamunyu tukimwita aje kwa picha, alikataa katakata. "Mimi sikufika," alisema. "Nililetwa."

Kisha klabu ikanenepa. Wakaja watu wa Syokimau, baiskeli zimefungwa juu ya magari, nguo za kubana, simu zinazopima mwendo na kuwatangazia watu wote. Sikuwa na neno nao. Walileta pampu nzuri na heshima nyingi ya mdomo. Mmoja wao, kijana wa ofisi huko Nairobi, mpole kweli, akachaguliwa kapteni. Katika mkutano akaniambia, "Mzee, si kwa ubaya, lakini watu wako na ratiba. Hatuwezi kungoja kila makutano." Nikawaka. Nikamwambia kama ni haraka, si kila mtu apande tu hilo gari alilokuja nalo? Wakacheka, wakasema mzee ana vituko, na sheria ikabaki vile vile. Nilidhani nimeshinda.

Madam akajifua. Kila jioni baada ya shule alikuwa anapanda mlima wa Mua peke yake, anashuka, anapanda tena. Safari ya Wamunyu ilipokaribia, yeye mwenyewe akaomba pikapu isije. Ijumaa jioni kapteni akaandika kwenye grupu: "Madam, kesho ni siku yako. Tutakungoja kila makutano, na picha haipigwi bila wewe." Watu wakajaza mioyo na makofi. Madam akanipigia simu kunisomea ujumbe huo wote, kana kwamba mimi simo kwenye grupu.

Aliendesha vizuri, jamani. Tulipofika makutano ya kwanza hakukuwa na mtu. Nikasema labda wamesogea kidogo, watakuwa Masii. Masii tukawakuta wauza ndizi tu. Madam hakushuka. Pale pale alipokuwa akishindwa siku zote, alipita kama hapajui.

"Si walisema watangoja?" akaniuliza mbele kidogo.

"Walisema."

"Basi wako Wamunyu. Picha bado."

Baada ya hapo upepo ulitupiga usoni njia nzima. Wakati mmoja nilianza kuhema vibaya, akaniangalia, akasema, "Kaa nyuma yangu, mchungaji, umechoka." Akanikinga upepo. Akawa ananionyesha mashimo kwa mkono, vizuri kabisa, na kupaza ile sauti yake ya darasani: "Shimo!" Nyuma ya mgongo wake nilikuwa natabasamu peke yangu. Niliona tumeshafika.

Wamunyu tulimkuta twiga. Kwenye benchi kulikuwa na chupa tupu za soda, na mchongaji mmoja mzee alikuwa anapiga msasa mwiko. Akamwamkia madam kwa heshima, akimwita mwaitu, kama anavyomwita mama yake.

"Mwaitu, mnatafuta wale wa baiskeli? Walipiga picha wakaenda. Wanarudi na njia ya Muthetheni, walisema wanachomewa mbuzi huko."

Simu zetu zikalia pamoja. Ilikuwa picha, na chini yake kapteni ameandika: "Wamunyu! Tumefika wote salama. Mungu ni mwema."

Nilimpigia kapteni hapo hapo. Hakupokea. Baadaye kidogo akaandika: "Pole sana mzee. Tulidhani madam amechoka mkarudi." Ningetukana, lakini nilijua anasema kweli. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kudhani atafika.

Madam alikuwa bado anaitazama ile picha. Aliikuza kwa vidole akapitia sura moja moja, taratibu, mpaka ya mwisho.

"Wamependeza," akasema. Kisha akafuta uso kwa leso. "Nipige peke yangu, basi."

Mchongaji aliinuka akampangusa twiga vumbi. Madam akasimama wima na baiskeli yake, nikampiga. Akaichukua simu, akaiangalia muda mrefu.

"Huyu ni kama mtu amepotea njia," akasema. "Ifute."

Nikaifuta.

Ikapita pikapu ya nyanya inayoelekea Machakos. Madam akaisimamisha mwenyewe, akaongea na dereva, akashika baiskeli yake upande wa mbele, mimi nikashika nyuma, tukaipakia. Akapanda akakaa kati ya makreti, kichwa chini. Mimi nilibaki barabarani nimeshika usukani wa baiskeli yangu, nikiangalia tulikotoka, kwa mazoea tu.

"Panda na wewe, mchungaji," akasema. "Hakuna mtu nyuma yako."

Nikapanda.