Vitambaa vya Jirani

Nyumba ya mama mfua nguo wa Kiplombe ilichomwa katika ghasia za baada ya uchaguzi, Januari 2008, na vitambaa vyake sita vya viti, alivyovifuma kwa mkono wake, viko sebuleni kwa jirani mpaka leo. Aliviona mwenyewe aliporudi kutoka kambi ya waliofurushwa makwao, vyeupe, bila hata alama ya moshi. Tangu siku hiyo hajafuma kingine. Kila Krismasi, katika nyumba aliyoijenga upya, anaosha sakafu, anasimamisha tawi moja la saiprasi kwenye mkebe wa mchanga, kisha anapitisha viganja vilivyochunwa na sabuni juu ya viti vitupu, kana kwamba bado kuna kitu cha kunyoosha.

Mwaka huu jirani aliingia na sahani ya maandazi, akatazama huku na huku. “Mama, wewe unajua kupamba! Nyumba safi, haina vitu mingi. Mimi kwangu nimejaza mpaka hakuna pa kukaa.”

“Si umejaza na vyangu?”

Jirani akacheka. “Ai, mama, hayo maneno ya zamani bado? Si nikurudishie tu, tumalize?”

“Kaa navyo. Niambie kitu kimoja. Ulivitoa kabla moto haujawashwa, ama baada?”

Kicheko kilikatika. Jirani aliweka sahani chini, akasema ameacha sufuria jikoni, akatoka mbio. Mama alimfuata hadi mlangoni, akapaza sauti wapita njia wakigeuka: “Nakudai jibu, jirani! Na utanipa wewe, kwa mdomo wako, si mtu mwingine!”