Kiti cha Kengele

Mpeleka mikate aliyepita chini ya dirisha langu kila alfajiri aliitwa Kengele, kwa kuwa kengele ya baiskeli yake iliamsha mtaa kabla ya jogoo. Kwa miaka ishirini na sita alibeba kreti mbili za mikate kutoka kiwanda kidogo kilichokuwa chini ya chumba nilichopanga, hadi hospitali iliyo juu ya kilima. Mwaka niliohamia pale, alikuwa ameanza kuendesha akiwa amesimama.

Tatizo lilikuwa kiti. Mwenyewe hakusema, mtu mzima hazungumzii makalio yake hadharani. Lakini shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe, alikuwa mkandaji wa unga pale kiwandani, na hakujua siri ni mdudu gani. Alinitajia viti vyote: cha plastiki kilichomchubua, cha springi kilichomrusha kila shimo, cha sponji kilichobonyea siku ya tatu akawa anakalia chuma, na kimoja chenye tundu katikati ambacho, kwa maoni yake, kilifaa kutagia mayai. Daktari alimwambia apumzike. Kengele alimuuliza apumzike amekalia nini.

Mwenye kiwanda alimweleza kwa upole kwamba wagonjwa wanakunywa chai saa moja, mikate inafika saa moja na nusu, na hospitali imeshalalamika mara mbili. Ikilalamika ya tatu, mikate itapanda pikipiki. Kazi nyingine ya kumpa hakuwa nayo.

Ndipo Kengele alipokwenda kwa fundi viatu mmoja ng'ambo ya mji, aliyewahi kushona matandiko ya punda. Fundi akamwambia kiti ni kama kiatu, hakichaguliwi kwa macho. Lazima ijulikane mifupa miwili ya kukalia imeachana kiasi gani. Akalie udongo laini, amletee alama.

Kiwandani hapakuwa na udongo. Palikuwa na unga.

Shemeji mtu akachota donge la unga uliokandwa kutoka pipa la asubuhi, akalibapaza katikati ya trei kubwa na kulifunika kwa nailoni. Kengele akakaa, uso kama wa mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Usicheke, shemeji."

"Sicheki. Namfikiria atakayeula huu mkate."

"Hauliwi huu."

"Afadhali. Una mifupa."

Alifunga trei nyuma ya baiskeli, akaikokota mji mzima kwa mguu ili alama zisiharibike. Jua lilikuwa limewaka, na kwa fundi alikuta foleni. Zamu yake ilipofika, fundi alipima vile vishimo, akapima tena, akamtazama kiuno. Alisema hakudhani mtu mwembamba vile angekuwa mpana hivyo chini. Kengele alirudi akitabasamu. Kumbe viti vyote vile vilikuwa vyembamba mno kwake, maradhi yamejulikana.

Kiti kilichukua wiki mbili, ngozi nene iliyoshonwa mara mbili. Siku ya kwanza alitoka amekaa, na sisi tuliokuwa mlangoni tulimpisha kwa heshima. Alirudi akikokota baiskeli, mapaja yamechubuka pande zote mbili, akitembea kama anayevuka matope. Kiti kilikuwa kipana kupita kiasi.

Shemeji yake alimuuliza unga ulikuwaje ulipofika kwa fundi.

"Mzuri tu. Ulikuwa umeumuka vizuri."

Alilisema hilo, kisha akasikia alichokisema. Shemeji aliketi juu ya gunia. Ulikuwa na hamira, na ulikaa juani nusu siku ukijitanua, na vishimo vikazidi kuachana. Watu wawili waliozeekea katika hamira, na hakuna aliyeikumbuka.

Fundi alikubali kushona kingine, kwa wiki mbili nyingine. Lakini asubuhi ile ya kiti kipana mikate ilifika saa mbili kasoro, na alasiri malalamiko ya tatu yakaletwa kwa maandishi. Kesho yake kreti zilifungwa kwenye pikipiki.

Shemeji alitandaza unga mwingine, safari hii uliokandwa mgumu, usio na hamira, akamwita akae wapime upya.

"Kipimo cha kwendea wapi?" Kengele aliuliza.

Shemeji akaukunja ule unga, akaurudisha pipani.