Mstari wa Kumi na Mbili

Namunyak alijisifu mapema, na hilo ndilo lililomponza. Katika kijiofisi chake cha kompyuta mjini Karatu alikuwa ameandika programu ya kuwatumia meseji wafugaji wa kwao Enguserosambu siku ya chanjo ya ndama inapowadia. Kazi yenyewe ni mzunguko tu: chukua mstari mmoja wa orodha, tuma meseji, rudi uchukue unaofuata. Na kwa kuwa orodha lazima iwe na mwisho, aliongeza amri moja: ukikuta mstari mtupu, vunja mzunguko, kazi imekwisha. Basi akatamba kwa kila mteja kwamba safari hii hakuna ndama atakayekosa sindano.

Alhamisi saa nne asubuhi alipigiwa simu na baba yake mdogo, Senteu, mtunza orodha.

"Binti yangu, zimekuja boma kumi na moja kati ya arobaini! Daktari ameshachanganya dawa, jioni inamwagwa. Hiyo mashine yako imelala?"

Ndama walikuwa wakifa tangu mwezi uliopita. Alifungua orodha, akaona mstari wa kumi na mbili uko mtupu, na chini yake majina yanaendelea kama kawaida. Hasira zikampanda.

"Baba mdogo, mbona umeacha nafasi katikati?"

Senteu alishusha sauti.

"Hapo ni pa kaka yangu. Jina la marehemu hatulitaji, na mahali pake hatumweki mtu mwingine. Mji umekusahaulisha hata hilo?"

Kaka huyo ndiye baba yake Namunyak, aliyezikwa masika yaliyopita. Aibu ilimshika.

Angeweza kuufuta ule mstari, yakaisha. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe, lakini hakikushuka. Badala yake aliibadili ile amri: ukikuta mstari mtupu, usivunje, uruke, uendelee na unaofuata. Akauanzisha mzunguko upya. Wale kumi na moja walipata meseji mara ya pili wakalalamika. Shauri yao.

Jina lililofuata baada ya ule mstari lilikuwa la mama yake, Soila. Alipiga simu alasiri, ndama wakilia nyuma yake.

"Wangu wote sita wamechanjwa," alisema. "Asubuhi niliona majirani wanapita na ndama wao, mimi sina meseji. Nikajua ndiyo hivyo, mume akiondoka, mke naye anafutwa. Nikarudi ndani nikakaa."

"Hapana, yeyo." Namunyak alikuwa akilia waziwazi mbele ya wateja. "Programu ilifika kwa baba, ikasimama pale pale."

Mama akauliza taratibu, "Na sasa imepita?"

"Imepita, yeyo. Mahali pake nimepaacha, nikaja hadi kwako."