Mwenye Nyumba Aliyerudishwa Langoni

Habari za kifo chake nilizipata kwa kinyozi wangu hapa mjini Kakamega, kwenye televisheni ya ukutani, na namna zilivyotangazwa bado inanikera. Mtangazaji alisema, "Tumempoteza soja wetu," kisha wakaonyesha kipande cha marehemu akiwa ndani ya koti kubwa la mlinzi, akimfungulia tajiri lango na kusema kwa lafudhi yetu ya watu wa magharibi mwa nchi, "Kalibu, mkubwa." Wateja wakacheka. Soja wenu! Mtu yule alikuwa mwigizaji na mwandishi, jirani yangu wa Shieywe kwa miaka mingi, na kazi aliyoipenda kuliko zote hamkuiona hata siku moja.

Kazi yenyewe ilikuwa kipindi cha majaribio cha vichekesho, alichokirekodi sebuleni kwake akitumaini kituo cha televisheni kingekinunua. Mama mmoja wa mtaa wa Amalemba hapa mjini anatumiwa roboti ya kazi za nyumbani na mwanawe aliye ng'ambo. Roboti inajua Kiswahili cha vitabuni peke yake, na ni mimi niliyeirekebishia ngeli. Fundi wa mabati aliiundia kiwiliwili, na mwigizaji mmoja akakubali kuloa jasho humo ndani. Mama, aliyeigizwa na muuza mboga wa mtaani kwetu, anataka kupika ugali, anaamuru, "Wewe loboti, reta sufulia nisonge obusuma." Roboti inajibu kwa adabu, "Samahani, amri yako haijatambuliwa." Mama anashika kiuno. "Haijatambuliwa na nani? Kwani hii nyumba ni ya nani?" Kufikia mwisho wa kipindi, roboti ndiyo inayofunzwa kuongea. Tulicheka mpaka mpiga picha akaomba turudie.

Nilimsindikiza Nairobi kukipeleka. Mkuu wa vipindi alikitazama chote, akacheka mahali pote panapochekesha, halafu akasema, "Mzee, hii ni moto. Lakini igeuze. Roboti ndiyo iongee hivyo vya kwenu, huyo mama aongee vizuri. Watu watavunjika mbavu."

"Yaani mtumishi ndiye awe sisi?" rafiki yangu akauliza.

"Si ndivyo watu wamezoea?"

"Mimi nimewafungulianga watu lango kwa TV miaka yote. Nilitaka mara moja tu mtu wetu awe mwenye nyumba."

Mkuu akatazama simu yake, na mazungumzo yakaishia hapo. Kipindi hakikununuliwa. Baadaye kituo hichohicho kilimwita avae koti la soja tena, naye akaenda, kwa kuwa nyumbani kwake watu walihitaji kula. Nina hasira na jambo hilo hadi leo. Nchi hii inajigamba kwamba ina mitambo ya kisasa inayosikia kila sauti, lakini mtu wa Magharibi akifungua kinywa kwenye runinga lazima awe mpishi, mlinzi au mjinga. Hata wakipewa nafasi ya kuwaza mashine ambayo haijawahi kuwepo, wanaifikiria tayari ikiwa na ulimi wetu, imeshika ufagio.

Mazishini, mshereheshaji hakujizuia. Alishika kipaza sauti akaigiza, "Kalibu, mkubwa," na hema zima, sisi wenyewe wenye ulimi huo, likaangua kicheko mbele ya jeneza. Nilikuwa nimeketi kando ya mama mzazi wa marehemu, bibi mkongwe ambaye kwake hakuna televisheni. Akanigeukia, akanishika mkono.

"Mwanangu, wanacheka nini? Si hivyo ndio sisi huongeanga?"

Swali lake nimelibeba, na nawaachia nanyi mnaonisoma. Mkicheka, jiulizeni kama mtu amesema jambo la kuchekesha, au amesema tu kama mama yake. Kama ni hilo la pili, basi mnamcheka mama yake, na siku ile alikuwa anamzika mwanawe.