Rangi ya Mama Pindo

Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, kwa sababu hapakuwa na suruali iliyomshinda kupinda. Alikodi chumba cha mbele katika nyumba iliyotazama barabara ya maduka, na cherehani yake ilikaa mlangoni, penye mwanga. Humo ndimo alimomlea binti yake hadi akawa mtu mzima. Wateja waliijua njia hata wakifumba macho, naye hakuwa na ndoto nyingine ila kuzeekea hapo.

Ikasikika kwamba baraza la jiji linamtuma mthamini kukagua majengo yote ya eneo la biashara. Mama Pindo akafanya kile ambacho angefanya kwa mgeni yeyote: usafi. Tena hakuishia kwenye ufagio. Aliziba nyufa za ukuta wa mbele kwa saruji, akapaka rangi ya maziwa, akaupiga mlango vanishi, akashona na mapazia mapya.

"Kulikoni, unaolewa?" fundi saa wa nyumba ya pili akamtania.

"Naolewa na baraza, shemeji. Wewe endelea kufuga popo kwenye dari. Wakikufukuza kwa uchafu, usije kulia kwangu."

"Nije wapi tena? Nitahamia chini ya cherehani yako."

Fundi saa hakugusa ukuta wake. Plasta iliendelea kubanduka, naye akaendelea kucheka.

Mthamini alikuwa kijana mwenye adabu. Mama Pindo alimpa kiti na maji ya baridi. Kijana akaupapasa ukuta, akaupiga picha.

"Nyumba imetunzwa kweli kweli, mama."

"Tunajitahidi, mwanangu," akajibu, na siku ile alishona huku akiimba.

Baada ya kikao cha madiwani, mwenye nyumba alikuja, akasimama mlangoni akiitazama barabara.

"Mama, nyumba yetu imewekwa daraja la kwanza. Ushuru umepanda. Halafu wameamua kila chumba cha kupangisha cha daraja hilo kiwe na nyaya mpya za umeme na choo chake. Sina budi kupandisha kodi."

Alipotaja kiasi, Mama Pindo alidhani anataniwa. Hata angeshona bila kula, asingekifikia.

"Na nyumba ya fundi saa?"

"Daraja la tatu. Wamesema kuta zimechoka."

Kesho yake alikwenda na binti yake kwenye ofisi za baraza. Karani aliwasikiliza hadi mwisho, na hilo ndilo lililouma zaidi, maana hakuwa mtu mbaya.

"Rufaa hukatwa na mwenye jengo, mama. Mpangaji haruhusiwi."

"Lakini rangi ni yangu. Niliinunua mimi, nikapaka mimi."

"Ukuta ni wake, mama yangu."

Wakamrudia mwenye nyumba. Akajikuna shingo. Kumbe wauza simu walikuwa wameshakiulizia chumba, na hayo mapazia waliyapenda.

"Sasa nikate rufaa dhidi ya bahati yangu mwenyewe?" akauliza, na hakuuliza kwa kejeli.

Binti alirudi amewaka. Akachukua mkasi mkubwa wa mama yake, akaanza kuukwangua ukuta. "Tuwaachie kama tulivyoukuta!"

"Leta hapa," alisema Mama Pindo. Akakwangua yeye, mara moja, mara mbili. Rangi iligoma. Saruji aliichanganya mwenyewe, tena aliichanganya vizuri. Alichopata ni mstari mwembamba kama uzi, na mkasi uliokuwa umeanza kuwa butu.

Fundi saa alitoka, akasimama kando. Akainama, akashika mguu mmoja wa cherehani.

"Tuihamishie wapi, shemeji?" akauliza.

Mama Pindo alikuwa akiufuta ule mstari kwa kidole, taratibu, usije ukaonekana.